Tonge la Pembeni

Nyumbani kwetu hakuna aliyepeleka tonge la kwanza mdomoni. Ulilimega, ukaliweka pembeni mwa sahani, ndipo ukaanza kula. Mkimaliza, matonge yale yalikusanywa wakatupiwa kuku. Baba alifanya hivyo, mama akamfuata, nasi watoto tukafuata, na hakuna aliyetuambia sababu. Mimi nilijijibu mwenyewe. Baba alikuwa katekista, na nyumbani kwa katekista kila jambo lisiloelezwa ni la kanisa.

Basi siku moja padri alikuja Kibiti, maana alikuja mara moja kwa mwezi, akala kwetu. Nami mtoto mwenye kiherehere nikaruhusiwa kukaa mkekani pamoja na wakubwa. Nikamwona anamega ugali na kuupeleka moja kwa moja kinywani. Sikuvumilia. Nikamwambia amesahau tonge la Mungu. Padri akataka kujua tonge la Mungu ndilo lipi, nami nikamweleza kwa ujuaji wote, nikamwonyesha na langu. Alicheka mpaka akapaliwa, akasema yeye amesoma seminari miaka mingi na hilo hakulisikia. Mama alijifunika uso kwa khanga. Baba peke yake hakucheka. Aliniambia nile, chakula kinapoa.

Nililala na aibu yangu, na tonge nikaendelea kuliweka, maana mazoea yana taabu. Jibu lake nilikuja kulipata nikiwa mtu mzima, na sikulipata kanisani. Nililipata katika kitabu cha hadithi, riwaya iliyochanika jalada, na mpaka leo namshukuru aliyeiandika ingawa jina lake lilikwenda na lile jalada.

Baba alikuwa Mnyamwezi, seremala wa mapaa. Alikuja Kibiti kijana akifuata kazi, akasema atakaa msimu mmoja, tukazaliwa wote hapa. Boriti za mikoko alizifuata mwenyewe Nyamisati, hakumtuma mtu. Alizigonga moja moja kwa kidole na kusikiliza kama zimeliwa ndani, wenye boriti wakimwambia wanauza miti, hawauzi ngoma. Wakristo tulikuwa wachache, wengi wetu watu wa kuja. Banda tulilosalia aliliezeka yeye, na padri asipokuwepo aliongoza sala yeye. Watoto wote wa Kikristo wa rika langu walifundishwa Baba Yetu na huyo huyo seremala. Aliyekosea alirudishwa mwanzo, hata kama mvua inanyesha na wenzake wanamsubiri mlangoni.

Majirani zetu walikuwa Waislamu, na tuliishi nao vizuri, sina sababu ya kusema uongo. Ramadhani sahani za futari ziliingia kwetu kana kwamba na sisi tumefunga. Sikukuu zetu, kuku walichinjwa na jirani ili kila mtu ale bila wasiwasi. Katika majirani wote hao, aliyekuwa karibu kuliko wengine alikuwa bibi mmoja Mmatumbi, mjane, aliyetelemka kutoka milimani kusini zamani, na nyumba yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na yetu. Alimzidi baba umri, na mdomo alituzidi sote.

Baba na yule bibi walikuwa watani. Mgeni aliyewasikia asubuhi angedhani wamelala wakigombana. Bibi alimwita baba hamali, maana Wanyamwezi ni watu wa mizigo toka enzi za misafara. Baba alimwita mla ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Ili kiliwe lazima kimenywe, kikatwe vipande, kilowekwe siku kadhaa katika maji yanayotembea, la sivyo kinalevya na kuua. Hakuna anayekila kwa kupenda, huliwa njaa ikizidi. Watu wa milima ile walitaniwa kwa kiazi hicho pwani nzima, nao walijua kujibu.

Kila tulipovuna mpunga wetu bondeni, upande wa Umwe, na magunia yameshaingia ndani, bibi alikuja na kikapu chake. Siku hiyo hakubisha hodi. Aliingia hadi stoo, akajaza, akatoka nacho kichwani akipita polepole mbele ya baba kusudi amwone. Baba alipiga kelele za mwizi. Majirani wakatoka, wakacheka, na bibi akajibu kwamba hamali hana mali, alicho nacho ni mzigo wa watu. Sisi watoto tulikuwa tukiingoja siku hiyo kuliko mavuno yenyewe.

Miaka ikaenda. Mama akatangulia mbele ya haki. Macho ya baba yakaanza kuzimika, tukampeleka hospitali Mchukwi, wakamhudumia vizuri na kutueleza kwa upole kwamba presha ya macho imeshafanya kazi yake na kilichopotea hakirudi. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimerudi kwa baba baada ya ndoa kunishinda. Au mimi kuishinda ndoa, inategemea unamwuliza nani.

Kila siku nikitoka shule nilimsomea Biblia barazani. Jamani, ile ilikuwa kazi. Nikiruka neno analitaja. Nikisoma haraka ananirudisha juu. Alikuwa ameimeza yote kabla giza halijamwingia, sasa mimi nilikuwa mwanafunzi anayesikilizwa somo. Mwalimu mwenzangu aliporudi kutoka Dar es Salaam na ile riwaya isiyo na jalada, akaniambia ni habari ya Vita vya Majimaji na imetaja milima ya jirani zetu, niliipokea kwa mikono miwili.

Baba hakutaka. Alisema hawezi kuuchukua muda wa Neno la Mungu akampa mtu aliyekaa chini akatunga watu ambao hawakuzaliwa. Nikamjibu kwamba nami nimechoka kumsomea mtu anayejua mwisho. Hilo lilimwingia. Tukapatana Biblia kwanza, porojo baadaye. Haukupita muda, nikaona Injili inasikilizwa kwa heshima lakini mkono wa baba unagonga gonga ukingo wa kiti, kama mtu anayesubiri basi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nafundisha vita vile darasani. Sababu za vita, ile dawa ya maji, bunduki, matokeo. Watoto wanakariri, wanajibu mtihani, wanapasi. Niliandika neno "njaa" ubaoni kwenye orodha ya matokeo, nikalifuta kengele ilipolia, nikaenda zangu kula. Na dini yangu nayo, nikisema kweli, niliijua hivyo hivyo, kwa maswali na majibu. Ukiniuliza nakujibu. Usiponiuliza, imekaa kimya.

Riwaya haikuuliza kitu. Ilinichukua ikaniweka njiani nyuma ya msafara wa Wajerumani, kati ya wapagazi. Mmoja wao alikuwa kijana wa bara aliyeanza mafundisho ya dini kwao, hajabatizwa bado, na alichokuwa nacho cha imani ni Baba Yetu tu. Aliisali kila jioni akishatua sanduku la risasi. Baba alimpenda yule kijana mara moja. Alimsahihisha kama watoto wake wa katekisimu, akiniambia huyo ana haraka, huyo hajatulia, lakini moyo anao.

Tukafika sura ambayo msafara unaingia milimani. Wakati huo bibi jirani hakuwepo, alikuwa kwao Umatumbi kwenye msiba wa ndugu, akakaa huko wiki nyingi. Katika sura ile, vijiji ni vitupu, watu wamejificha mapangoni wanatazama. Askari wanaamuru maghala yachomwe. Wapagazi wanatua mizigo, kila mmoja anapewa kijinga cha moto, na yule kijana anapewa chake. Mwandishi hakupaza sauti hata kidogo. Alieleza tu jinsi mpunga unavyoungua, kwamba mwanzoni unanukia kama bisi, na wapagazi wenyewe, waliokuwa na njaa, wakajikuta wanameza mate. Jioni kijana anapiga magoti, anaanza sala yake. Anafika penye mkate wa kila siku. Hawezi kuendelea. Anarudi mwanzo, anafika pale pale.

Nilipoinua uso nikamwona baba ameng'ang'ania viti vyote viwili, changu na chake. Aliniambia nifunge kitabu. Nilifunga.

Jumapili iliyofuata akasimama mbele kama kawaida, amevaa shati lake jeupe. Tukaanza Baba Yetu. Penye mkate, sauti yake ikakatika. Tulidhani amepaliwa, tukamalizia wenyewe. Jumapili ya pili ikawa vile vile. Ya tatu akaniambia nimwambie mzee mwingine aongoze, yeye atakaa nyuma. Mtu aliyefundisha sala ile watoto wa mji mzima sasa alikaa kwenye benchi la mwisho, akianza na sisi, akinyamaza katikati, akituacha twende peke yetu.

Mimi nikawaka. Hasira yangu yote iliishia kwenye kile kitabu. Nikasema nakirudisha kwa mwenyewe, na laiti nisingekileta. Baba akanikataza. Akasema tatizo si kitabu, tatizo ni kwamba kitabu kimesema kweli.

"Yule kijana ni babu yako," alisema.

Nikamwambia mwandishi hakumjua babu. Akakubali kwamba hakumjua. Kisha akanieleza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba babu alifika milima ile na Wajerumani akiwa mpagazi, hana ndevu bado, na alishika kijinga. Alirudi kwao mzima, hakuwahi kusema alirudije. Alibatizwa baadaye akiwa mtu mwenye mke na watoto. Alipofundishwa sala na kufika penye mkate, aliondoka darasani, akakaa nje muda mrefu, akarudi akamaliza. Tangu siku ile hakula tonge la kwanza. Na baba alipokuwa kijana akaaga kwamba anakwenda pwani kutafuta kazi, babu alimwambia neno moja tu: ukifika kule, usile ukamaliza.

Kumbe ndilo hilo. Ndilo tonge nililomfundishia padri kwa ujuaji wangu.

Lakini kilichomkaba baba hakikuwa babu. Ya babu aliyajua siku zote, ameyaweka mahali pake, na kila siku aliyatolea tonge. Kilichomkaba ni kwamba alijua ghala liliungua, na alijua Wamatumbi walikula ndiga, na katika maisha yake yote hakuwahi kuviweka vitu hivyo viwili pamoja. Alijua mtu aliyechoma. Hakuwahi kumfuata aliyechomewa mpaka porini, akamwona anachimba. Riwaya ndiyo iliyomtembeza. Sura moja tu, na kila mara alipofungua mdomo kuomba chakula alimsikia mtu anayemwita jirani yake mla ndiga, na sauti ilikuwa yake.

"Kwa mdomo huu huu," alisema. "Nikitoka kusali."

Nilimwandalia chai, akainywa ikiwa imepoa.

Siku chache baadaye yeye mwenyewe akaniambia nisome. Alitaka kujua yule kijana atafanya nini, maana yeye, baba, hajui afanye nini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumeshavuka mpaka wa porojo. Mzee aliyejua Injili kwa moyo alikuwa anamfuata mtu wa kutungwa, amtangulie gizani, aone kama kuna njia.

Katika riwaya, kijana haongei na mtu. Asubuhi anapokea posho yake, mgao wa unga, lakini haili. Anaupika, anauweka juu ya jiwe karibu na mdomo wa pango, anaondoka. Kesho yake jiwe ni tupu. Anaweka tena. Siku moja anakuta jiwe halikuachwa tupu. Wamemwachia kipande cha ndiga iliyopikwa. Anakishika. Hajui kama kimelowekwa ipasavyo au la, hajui kama ni shukrani au ni kisasi, na hakuna wa kumwuliza. Anapiga magoti, anaianza sala yake, na safari hii anapita penye mkate akaingia penye msamaha, kwa sababu vimekaa jirani. Anafika mwisho. Ndipo anakula.

Mwandishi akafunga sura hapo. Hakutuambia kama kijana aliamka.

Nilimlaani kwa hilo, nakiri. Baba hakumlaani. Alisema sala ile ameifundisha miaka yote akiwaambia watoto wasipumue mahali pabaya, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mkate na msamaha vimefuatana. Sasa ameona. Aliyenyimwa mkate ndiye mwenye cha kusamehe, na aliyeshiba anatakiwa kumwendea. Kisha akauliza bibi anarudi lini.

Nilianza kuogopa. Bibi yule alikuwa mtu wetu wa karibu kuliko ndugu. Ndiye aliyemwosha mama alipougua, ndiye aliyenipokea niliporudi na sanduku langu bila kuniuliza hata swali moja, na nyie mnajua watu wanavyouliza. Baba akimwambia kwamba babake alichoma maghala ya kwao, je, asipopokea? Nyumba ile ukuta kwa ukuta, baba haoni, mimi shuleni kutwa. Nikamsihi ayaache, ya kale hayanuki. Akanijibu kwamba haya yananuka, yananuka bisi.

Bibi akarudi, na kapu la machungwa na habari za kila mtu aliyekufa na aliyeoa milimani. Baba akanituma nimwite. Alikuja mbio kwa kadiri miguu ilivyomruhusu, akidhani anaitwa kuagwa. Alipomkuta baba amekaa kitini mzima, akamtukana kidogo, akaketi mkekani, akatoa ukili wake aendelee kusuka.

Baba alimweleza yote. Hakupamba, hakujitetea, hakusema babu alilazimishwa ingawa alilazimishwa. Akamalizia na neno la ndiga, akamwomba radhi. Mikono ya bibi iliendelea kusuka muda wote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, sikumbuki nilikuwa nalipeleka wapi.

"Hamali," bibi alisema, "ulidhani miye sijui? Mnyamwezi gani alifika milima ile zamani zile bila mzigo wa Mdachi kichwani?"

Baba akauliza kwa sauti ndogo amejua tangu lini. Akamjibu tangu siku ya kwanza, siku alipopita kumwuliza fundi anayejenga pale ni kabila gani. Kisha akatueleza ya kwao, taratibu, macho kwenye ukili. Mamake alikuwa msichana mdogo pangoni. Alikuwa na wadogo zake wawili. Maghala yalipoungua, mama yao alichimba ndiga akailoweka mtoni, na ndiga haina haraka, inataka siku zake. Wadogo hawakuweza kusubiri. Wakaiba vipande kabla havijaiva kwa maji. Kati ya watoto watatu, mamake bibi alitoka pangoni peke yake.

Baba alikuwa analia bila sauti. Bibi akamwacha alie.

Halafu akasema jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa mahubiri makubwa kuliko yote niliyosikia, na mhubiri mwenyewe alikuwa ametoka kuswali alasiri. Alisema mwaka wetu wa kwanza wa mavuno alikuja na kikapu kwa hasira. Hasira ya kweli. Hakupiga hodi kusudi. Aliingia stoo ya Mnyamwezi akitaka afukuzwe, apigwe ikibidi, ili apate sababu ya kumchukia mbele za watu. Badala yake yule fundi mjinga akatoka anapiga kelele za mwizi, anacheka, anaita mji mzima waje wamwone mtani wake.

"Kikapu cha kwanza nilichukua kwa hasira," alisema. "Vilivyofuata nikachukua kwa raha."

Baba akamwambia kwamba tangu aliposomewa ile hadithi hawezi kusali. Anakwama penye kuomba chakula. Bibi akafikiri.

"Sala yenu siijui," alisema. "Lakini kama ni chakula unaomba, omba. Miye kwako nimeshakula."

Akakusanya ukili wake, akanyanyuka. Mlangoni akageuka akamwonya asiache kumwita mla ndiga, maana siku akiacha atajua amefanywa mgeni. Mimi akaniambia chai ya nyumba hii siku hizi ni ya kuangalia tu, haimiminwi. Ndipo nikakumbuka birika.

Jumapili ile baba aliomba aongoze yeye. Nilimshika mkono nikamsimamisha mbele. Tukaanza. Penye mkate akasimama, na nikasikia watu wakivuta pumzi tayari kumsaidia. Akaupita. Akaingia penye msamaha polepole sana, kama mtu anayekanyaga boriti mpya asiyoiamini, akafika mwisho. Mimi ambaye silii ovyo nililia mbele za wanafunzi wangu, na kesho yake hakuna aliyethubutu kulitaja.

Nimeisali sala ile tangu sijaota meno yote. Nilikuwa naomba mkate kama mtu anavyoomba chumvi mezani, napita. Ilinipasa niongozwe na kijana ambaye hakuzaliwa, aliyeandikwa na mtu nisiyemjua, ili nifike kwa jirani niliyezaliwa nikamkuta. Sidharau katekisimu. Ilinipa maneno, na bila maneno hayo nisingetambua pale kijana alipokwama. Lakini maneno yalihitaji kwenda milimani, yakanuse moshi, yalale na njaa, ndipo yakarudi kwangu yana uzito. Namshukuru Mungu kwa hilo, na kwa yule mwalimu mwenzangu, ambaye kitabu chake, aliponidai, nilimwambia kimepotea. Hakikupotea. Kiko kabatini mpaka leo, na sina mpango wa kukitoa.

Baba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alipofariki, bibi alikuwa mkongwe, anatembea kwa mkongojo, macho yake nayo hayana habari. Tuliweka jeneza sebuleni, jeneza la mninga, na padri mgeni aliyekuwa hajatuzoea akatoa ishara mwili utolewe. Vijana walipoinama kubeba, tukasikia mkongojo. Bibi akaja akaketi kizingitini, katikati kabisa ya mlango, akasema haendi mtu. Hamali haondoki. Kikapu cha mwaka huu hajapewa.

Watu wakaanza kucheka ndani ya kilio, ndivyo msiba wenye watani ulivyo. Padri alinitazama kama aliyepotea njia. Nikamwambia avumilie kidogo, hili nalo ni la kanisa. Nikaenda stoo nikajaza kikapu mpaka kikafurika, nikamletea. Alikipima kwa mkono, akasema hamali ameanza ubahili baada ya kufa, kisha akaomba ashikwe ainuke, na baba akapita.

Kaburini tulisali Baba Yetu, yote, bila kukwama.

Tukarudi kula. Wali, na kuku waliochinjwa na majirani. Nilikaa mkeka mmoja na bibi ili nimsaidie kunawa. Miaka yote alikuwa amekula kwetu, akitutazama tukiweka matonge yetu pembeni, na yeye alianza kula moja kwa moja kama yule padri wa utoto wangu. Siku ile alimega tonge la kwanza, akalifinyanga vizuri, akapapasa ukingo wa sinia, akaliweka pale.

Nikamwuliza, karibu na sikio lake, hilo la nani.

"La hamali," alisema. "Yule wa kwanza, wa mzigo wa Mdachi. Naye hakurudi kwao ameshiba."